Hata haramia anahitaji serikali

Vijana ninaowafundisha masuala ya usalama hapa Tanga, nikitaja Somalia tu, jibu wanalo mdomoni: kule hakuna serikali, kila mtu anafanya atakalo, ndiyo maana meli zilikuwa zikitekwa. Ndiyo, serikali ilianguka. Hiyo "ndiyo maana" ndiyo ninayoibishia.

Rais Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991. Hazina, mahakama, jeshi la majini, vyote vikasambaratika. Meli za uvuvi za kigeni zikaingia kuvua bila leseni, maana nani angezikamata? Wavuvi wakaanza kujihami, na baadhi yao wakagundua kwamba meli ni mali. Lakini uharamia ulipamba moto kati ya 2008 na 2011, miaka zaidi ya kumi na tano baada ya Barre kuondoka. Kama ombwe peke yake linazaa maharamia, muda wote huo walikuwa wapi?

Tazama na bandari walizozitumia. Eyl iko Puntland, jimbo lililojiundia utawala wake 1998, lenye rais, bunge na polisi. Hobyo na Harardhere ziko kusini kidogo ya hapo. Mogadishu na maeneo ya kusini yake, kwenye mapigano makali zaidi, hakukuwa kitovu.

Sababu ni biashara. Chukua Sirius Star, meli ya Saudia yenye mapipa kama milioni mbili ya mafuta ghafi, iliyotekwa Novemba 2008 kusini-mashariki mwa Mombasa. Iliachiwa Januari 2009, pesa zikidondoshwa kwa parachuti. Wiki zote hizo mabaharia na walinzi wao wanakula, wanakunywa, jenereta linataka dizeli, vijana wanataka mirungi na hailimwi pwani. Anatakiwa mtu anayejua Kiingereza wa kuvutana bei na wenye meli, na aliyetanguliza mtaji anasubiri fungu lake. Yote hayo yanataka barabara, soko, mtandao wa simu, na mkubwa fulani anayekula chake na kugeuza shingo. Mwenye mamilioni ya dola taslimu ufukweni anaogopa majambazi kuliko mtu yeyote. Pale risasi zinaporindima kila siku, pesa ile isingefika jioni.

Kwa hiyo hatari kwa majirani, kwa maoni yangu, ni mamlaka inayonunulika kuliko mamlaka isiyokuwepo. Somaliland, eneo la kaskazini lililojitenga na Somalia, inathibitisha hilo kwa upande mwingine. Pwani yake inatazama Ghuba ya Aden, moja ya njia zenye meli nyingi duniani, lakini maharamia hawakuweka makao huko, kwa sababu wenyeji wanakusanya kodi na polisi wao wanawakamata. Haina kiti Umoja wa Mataifa. Kiti alikuwa nacho mwingine: serikali ya mpito iliyosimama kwa mgongo wa majeshi ya Ethiopia, na kwa ridhaa yake Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1816, Juni 2008, manowari za kigeni zikaruhusiwa kuingia maji ya Somalia. Sheria inataka saini, haiulizi kama mwenye kusaini anaweza kufika pwani yake mwenyewe. Miaka yote nafundisha jambo hili na bado linanichekesha.

Manowari zilisaidia, hilo silikatai. Umoja wa Ulaya ulizileta Desemba 2008, India na China nazo zikaleta zao, na chini ya makubaliano ya Djibouti ya 2009 ya kupambana na uharamia, Dar es Salaam ikawa moja ya vituo vya kupashana habari. Walinzi wenye silaha ndani ya meli pengine walisaidia zaidi. Ila manowari hailipi mshahara wa polisi wa Hobyo.

Huku kwetu anguko lile lilifika mapema, kwa miguu na kwa majahazi, kabla haramia hajavuma. Vita vya Somalia viliwafukuza Wazigua wa bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia, vizazi vya watu waliouzwa utumwani kutoka sehemu hizi hizi karne ya kumi na tisa. Walirudi Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, baadaye Chogo, wakiongea Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa. Wengi wamepewa uraia. Ukisoma ripoti za usalama wa kimataifa, wakimbizi huwekwa kwenye orodha ya vitisho. Waliotujia sisi walikuwa ndugu.

Machi 2024 ikatekwa MV Abdullah ya Bangladesh, ikitoka Maputo na makaa ya mawe kwenda Falme za Kiarabu. Iliachiwa mwezi uliofuata. Njia hiyo inapita mbele ya pwani yetu, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa Tanga, kwa ajili ya kupakia meli za mafuta. Wenye bima hupandisha bei kwa kusikia tu kwamba kuna hatari, hata kama hakuna meli iliyoguswa Tanga. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya habari za manowari, mimi hutafuta kwanza habari za Puntland: askari wa huko wamelipwa mwezi huu, au bado?