Matengenezo kinga ya mitambo ya kuchuja vumbi: maana yake na namna yanavyofanyika

Matengenezo kinga ni kazi inayofanywa, kwa ratiba iliyoandikwa, kwenye mtambo ambao bado ni mzima, ili usifike mahali pa kuharibika. Kinyume chake ni matengenezo ya dharura, ambayo husubiri mpaka kitu kikatike, kiungue au kizibe. Katika mtambo wa kuchuja vumbi tofauti hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu mashine ya kusaga ikiharibika kazi husimama na kila mtu hujua, ilhali kichujio kinaweza kufa huku uzalishaji ukiendelea: feni inavuma, magunia yanajaa, na vumbi linaingia taratibu katika mapafu ya wafanyakazi bila kengele yoyote kulia.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha chakula cha kuku na samaki hapa Mwanza. Dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, mashudu ya pamba na pumba za mahindi husagwa kwa mashine ya nyundo, na vumbi linalofuka hunyonywa na feni kupitia mabomba hadi kwenye kabati kubwa la bati. Ndani ya kabati hilo imetundikwa mifuko mirefu ya kitambaa kizito, kila mmoja umevalishwa juu ya fremu ya waya inayouzuia usibonyee. Hewa hupenya kitambaa kutoka nje kwenda ndani na kutokea juu ikiwa safi, na vumbi hubaki upande wa nje wa mfuko. Kila baada ya muda mfupi upepo wa kompresa hupigwa kwa ghafla kutoka juu, mfuko unatutumka, vumbi linadondoka kwenye faneli iliyo chini, na valvu ya kuzunguka hulitoa nje bila kuruhusu hewa kuingia.

Jambo linalokosewa zaidi ni hili: kinachochuja si kitambaa peke yake. Vumbi la kwanza kunasa hujenga utando mwembamba juu ya kitambaa, na utando huo ndio unaozuia chembe ndogo kabisa, zile zenye upana wa chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo jicho halizioni zikielea na ambazo hushuka ndani ya mapafu. Mfuko mpya usio na utando huvujisha kuliko mfuko uliokwisha kutumika. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi tulikuwa tukiishusha mifuko kila Jumamosi na kuipiga kwa fimbo mpaka iwe myeupe, tukiamini kwamba huo ndio utunzaji bora. Kila Jumatatu asubuhi bomba la kutolea hewa lilitoa wingu la vumbi kama moshi, nasi tukailaumu mifuko kwamba ni ya bei rahisi. Kumbe tulikuwa tukiuvua utando na kuzichosha nyuzi za kitambaa kwa mikono yetu wenyewe. Kwa hiyo matengenezo kinga hayana maana ya kusafisha kila kitu mara kwa mara, bali ni kupima hali ya mtambo na kutenda pale kipimo kinapodai.

Kipimo chenyewe ni tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi wa mifuko. Si lazima geji ya bei kubwa: mrija wa plastiki uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi unatosha, mguu mmoja ukiunganishwa upande mchafu na mwingine upande safi, kisha unasoma kwa rula jinsi maji yalivyopishana. Mitambo mingi ya aina hii hufanya kazi vizuri kati ya milimita 75 na 150 za maji, lakini namba ya kuifuata ni ile ya kiwanda chako, iliyoandikwa mtambo ulipokuwa katika hali njema. Namba ikipanda siku baada ya siku, mifuko inaziba, au upepo wa kusafishia ni dhaifu, au faneli imejaa kwa sababu hakuna aliyeitoa taka. Ikishuka ghafla, usifurahi. Huenda mfuko umechanika, au mrija wa geji wenyewe umeziba kwa vumbi. Ndiyo maana usomaji mmoja peke yake hausemi kitu, na daftari la kila siku lenye tarehe, saa na namba lina thamani kuliko jicho la fundi mzoefu, nami nasema hivyo nikiwaheshimu sana mafundi wazoefu.

Kwetu kandokando ya ziwa, adui mkubwa wa mifuko ni maji. Hewa ya hapa hubeba unyevu mwingi, hasa alfajiri na wakati wa masika, na kompresa inapoigandamiza zaidi ya mara saba, mvuke uliokuwamo hugeuka maji ndani ya tangi. Fungua koki ya chini ya tangi asubuhi na utaona: kwanza hutoka maji ya rangi ya kutu, yenye harufu ya oili, kisha mchanganyiko wa maji na upepo unaokoroma, na mwishowe upepo mkavu unaopuliza kwa sauti moja. Dakika mbili zinatosha. Yasipotolewa, maji hayo hupigwa ndani ya mifuko pamoja na upepo, vumbi la pumba likalowa na kuwa uji, uji ukakauka na kuwa kama udongo wa ukuta, na mfuko ulioziba hivyo hauzibuki tena. Vumbi la dagaa huongeza tatizo kwa sababu lina mafuta yanayonata. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa feni iwashwe kabla ya kusaga na iachwe ivume dakika kadhaa baada ya kusaga kwisha, ili hewa yenye unyevu isibaki imefungiwa kabatini usiku kucha.

Kazi nyingine ni za kawaida: kusikiliza kama kila valvu ya upepo wa kusafishia inapiga, kwani kiwambo chake cha mpira kilichopasuka huacha mlio wa kuvuja, kukaza mkanda wa feni, kutia grisi kwenye beringi, kukagua gasketi za milango. Tundu likipatikana katika mfuko mmoja lishughulikiwe upesi, maana vumbi linalopita hapo huenda kasi, hulipanua tundu lenyewe na kujikusanya kwenye mapanga ya feni mpaka feni ianze kutikisika.

Vumbi la nafaka na la sukari pia hulipuka. Mwaka 2008 mlipuko wa vumbi la sukari katika kiwanda kilichopo Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, uliua watu 14. Waya za kupeleka ardhini umeme tuli, ule unaojikusanya kwa msuguano na kuweza kutoa cheche, zikaguliwe kwa kipimo, na vumbi lililolala juu ya mihimili lifagiliwe kwa utaratibu bila kulipeperusha. Anayeingia kabatini azime feni, afunge swichi kwa kufuli na kubaki na ufunguo mfukoni. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, nami siuoni wajibu huo ukitimizwa kwa barakoa peke yake wakati kichujio kimelala.

Mifuko hubadilishwa pale tofauti ya presha inapobaki juu hata baada ya kusafishwa kwa upepo mkavu, si kwa sababu mwaka umeisha. Ni heri kuibadilisha yote kwa pamoja: ukiweka michache mipya kati ya mikuukuu, hewa itakimbilia ile mipya kwa kuwa ina njia nyepesi, nayo itachakaa kabla ya wakati wake. Baada ya kuivalisha, feni iendeshwe taratibu kwanza, na chokaa ya mifugo iliyosagwa laini inyonywe kidogo kidogo kupitia bomba, ijenge utando wa kwanza ulio mkavu kabla vumbi la dagaa lenye mafuta halijagusa kitambaa. Siku hiyo, maji yakitulia katika mrija, isomwe namba ya kwanza na kuandikwa juu ya ukurasa mpya wa daftari.