Macho ya thairoidi: kope huja mwisho

Wagonjwa wangu wengi wa macho ya thairoidi huja na picha ya zamani. Mama mmoja mshonaji aliifungua yake kwenye pindo la khanga, pasipoti saizi iliyochakaa kingo, akaiweka mezani. "Daktari mwanangu, nirudishie sura hii." Kope zake za juu zilikuwa zimepanda hadi weupe ukaonekana juu ya kiini. Usiku macho hayakufunga sawasawa, asubuhi yalimkereketa kama yametiwa mchanga. Alitaka nizishushe kope wiki ileile. Nilimkatalia.

Ugonjwa huu mara nyingi huandamana na ugonjwa wa Graves. Kinga ya mwili huigeukia tezi ya thairoidi shingoni na kuichochea imwage homoni kupita kiasi. Kinga hiyohiyo huyaandama mafuta na misuli ya nyuma ya jicho, navyo huvimba. Tundu la mfupa linalobeba jicho lina ujazo wa mililita 30 hivi, na kuta zake hazitanuki. Uvimbe ukijaa humo, jicho husukumwa mbele.

Mwaka 1945 daktari Rundle alieleza mwendo wake: hupanda, hufika kilele, hushuka kidogo, kisha hutulia. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na anayevuta sigara huumia zaidi. Nilimwuliza yule mama: "Wewe ungempimia mjamzito leo gauni la kuvaa baada ya kujifungua?" Akacheka, akaelewa. Tunasubiri vipimo vya macho vikae bila kubadilika angalau miezi 6, na homoni ziwe zimetulia.

Hatusubiri pale uvimbe unapobana mshipa wa fahamu wa jicho. Ukiona nyekundu imepauka, au uoni unafifia, usingoje tarehe ya kliniki. Tunaanza na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinazodungwa kwenye mshipa wa damu kwa dozi kubwa, na kama wiki mbili zikipita bila nafuu ya kutosha tunapasua, hata kama ugonjwa bado unachemka. Vivyo hivyo kama kioo cha jicho kinakauka na kuchubuka kwa kukosa kufunikwa.

Kwa wengine mpangilio ni huu: tundu kwanza, misuli pili, kope mwisho. Kwenye tundu tunapunguza mafuta, au tunaondoa sehemu ya ukuta wa mfupa: wa upande wa pua, wa chini, au wa nje. Jicho likipata nafasi hurudi nyuma, lakini misuli nayo husogea, hivyo makengeza yanaweza kubadilika. Tukilegeza msuli wa chini ya jicho ili kunyoosha makengeza, kope ya chini huweza kuvutwa chini pamoja nao. Nimewahi kumpokea kijana aliyeanzishiwa kope kwingine. Zilipendeza kwa miezi michache. Baada ya tundu na misuli ilibidi zifanywe upya, juu ya kovu, na kazi juu ya kovu haitabiriki.

Ile picha ya zamani ni kipimo changu pia. Viwango vingi vya vitabuni vya jicho kutokeza vilitokana na Wazungu, ilhali Mwafrika mzima wa afya huweza kuwa na macho yaliyotokeza milimita kadhaa zaidi yao. Kwa hiyo namlinganisha mgonjwa na alivyokuwa yeye.

Na miaka ikipita? Mfupa ulioondolewa haurudi kuziba nafasi, na kwa walio wengi jicho hubaki lilipowekwa. Mara chache ugonjwa huamka tena, ndiyo maana sigara na homoni haviachwi kuangaliwa. Ganzi ya shavu inayoweza kuletwa na upasuaji wa tundu hupungua kwa miezi. Kwa wachache hubaki. Ukavu hudumu, na machozi ya chupa huwa sehemu ya maisha. Linalowaumiza zaidi watu ni kuona viwili viwili. Wapo wanaotoka kwenye upasuaji wa tundu wakiwa na tatizo hilo kwa mara ya kwanza, hasa wenye misuli minene, nami huwaambia kabla hawajatia saini. Upasuaji wa misuli hulenga kuona kimoja ukitazama mbele na ukisoma. Pembeni kabisa siahidi, na wengine huhitaji kurudi mara ya pili au miwani yenye prizimu, kioo kinachopindisha mwanga ili picha mbili ziungane.

Mama mshonaji alipitia hatua zote tatu. Sasa ni mwaka wa sita. Anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, kope zinafunga usiku. Akiinua macho kwenye rafu ya juu ya dukani bado anaona majora mawili mahali pa moja, kwa hiyo vitambaa vya juu humtuma binti yake.