Je, wajua kwa nini Zürich ilikuwa mali ya watawa wa kike?

Tarehe 21 Julai 853, Ludwig Mjerumani, mfalme wa Wafranki wa Mashariki na mjukuu wa Karolo Mkuu, alitoa hati ya kuwapa watawa mali moja ya kifalme iliyoitwa Turegum. Mali hiyo ndiyo Zürich ya leo, mji mkubwa kuliko yote Uswisi. Nyumba ya watawa iliyokabidhiwa, ambayo baadaye ilijulikana kama Fraumünster, aliiweka chini ya binti yake Hildegard. Mali ikakaa mikononi mwa watawa hao, ingawa ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda, hadi mwaka 1524.

Mfalme mzima anawapaje watawa mji?

Kwanza, haukuwa mji bado. Warumi walikuwa na kituo cha forodha pale, Turicum, ambapo bidhaa zilitozwa ushuru wa asilimia 2.5. Tunajua habari hizo kutokana na jiwe la kaburi lililopatikana mwaka 1747 kwenye kilima cha Lindenhof. Aliyeliweka ni Unio, mkuu wa kituo, mtumwa wa kaisari aliyeachwa huru, pamoja na mkewe. Walikuwa wamempoteza mtoto wao mchanga, Lucius Aelius Urbicus. Kwa hiyo jina la kale la mji huu limetufikia kupitia msiba wa familia ya ofisa wa ushuru. Baadaye Warumi walijenga ngome juu ya kilima hichohicho. Dola yao ilipoanguka walikuja Waalamani, kabila la Kijerumani, kisha Wafranki wakawatawala Waalamani, na kufikia karne ya 9 Lindenhof ilikuwa makao ya kifalme, na mashamba ya mfalme yakiizunguka.

Ndiyo maana hati ya 853 haitaji mji. Inataja mali, na inaitaja kwa urefu kama wakili anayeogopa kuachwa na kipengele: makanisa, nyumba, ardhi inayolimwa na isiyolimwa, misitu, malisho, mito, njia za kuingilia na kutokea, vilivyopatikana na vitakavyopatikana. Katikati ya orodha hiyo, kati ya majengo na mashamba, wapo watu wasio huru, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Walihamia kwa mwenye mali mpya pamoja na ardhi waliyoilima. Ndani yake umo pia msitu wa Albis na bonde zima la Uri, zaidi ya kilomita 50 kusini, milimani.

Sababu ya pili ni siasa za ukoo. Ludwig na ndugu zake walipigana wenyewe kwa wenyewe hadi wakagawana himaya ya babu yao kwa mkataba wa Verdun, mwaka 843. Mfalme aliyepitia hayo hataki mkwe mwenye nguvu. Binti akiolewa na mkuu fulani, wajukuu watakuja siku moja kudai chao. Akiwa mtawa, hakuna wajukuu. Hildegard, Irmingard na Bertha, wote aliwaweka katika nyumba za watawa, na Hildegard alipofariki Bertha ndiye aliyeshika nafasi yake Zürich. Kwa maneno mengine, Ludwig alitoa mali huku ameishika. Hati iliongeza kinga: hakimu wa serikali haruhusiwi kuingia kwenye ardhi hiyo kuamua kesi wala kudai malazi. Wakuu wa jirani wakafungiwa mlango, na mfalme akabaki na watu wake kwenye njia iendayo mji wa Chur na kuvuka milima ya Alpi hadi Italia.

Msomaji anayeijua Peramiho au Ndanda, nyumba kubwa za watawa kusini mwa Tanzania, hatashangaa kusikia kwamba abasia, yaani nyumba kuu ya watawa kama hiyo, si kanisa tu, ni uchumi mzima. Zürich ilikua ikiizunguka Fraumünster. Kufikia karne ya 11 mama mkuu wa abasia alikuwa na haki ya soko, ushuru na kupiga sarafu. Fundi au mfanyabiashara aliyejenga nyumba hakuwa na kiwanja chake. Alikipata kwa kudumu, akakirithisha wanawe, lakini kila mwaka alilipa kodi kwa mwenye ardhi. Ng'ambo ya mto Limmat mwenye ardhi mkubwa alikuwa jumuiya ya mapadre wa kanisa la Grossmünster. Mwaka 1234 mama mkuu alihesabiwa miongoni mwa wakuu wa Himaya Takatifu ya Roma, iliyotawala nchi za Kijerumani. Kumbuka kwamba wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura katika chaguzi za taifa mwaka 1971 tu.

Wakazi wa mji hawakumwondoa mama mkuu kwa vita. Mwaka 1218 ukoo wa Zähringen, uliokuwa ukiisimamia Zürich, ulikwisha, na muda mfupi baadaye kukatokea baraza la mji. Baraza na matajiri wakaanza kumegamega: sarafu wakaikodi, ushuru wakaukodi, mahakama ikawaelekea. Mama mkuu akabaki na heshima na karatasi. Uri nayo ilijitoa upande wake, na mwaka 1291 ikawa mmoja wa washirika katika mapatano ambayo Waswisi wanayahesabu kuwa mwanzo wa taifa lao.

Mama mkuu wa mwisho alikuwa Katharina von Zimmern. Matengenezo ya Kanisa, vuguvugu la Kiprotestanti lililoongozwa mjini na mhubiri Zwingli, yalipopamba moto, mwaka 1524 aliukabidhi mji abasia na mali zake zote kwa hiari, ili kuepusha machafuko. Alipewa pensheni, na mwaka uliofuata akaolewa. Majengo ya watawa yalibomolewa mwishoni mwa karne ya 19 kupisha jengo jipya la Stadthaus, yaani jengo la utawala wa mji, na humo ndimo ilimo ofisi ya meya.