Ubao wa kati ukivimba, weka randa chini

Kila mwenye mashua kuukuu ambaye ubao wake wa kati, ule unaoshushwa majini kupitia kisanduku kilicho katikati ya mashua, umekwama huja na tiba yake mkononi: "Umevimba kidogo tu, fundi. Pitisha randa, utashuka." Masikio yangu yamechoka.

Ubao uliovikwa faiba hauvimbi kwa uzee. Unavimba kwa sababu maji yamepenya na mbao imeyanywa, na randa haitoi hata tone moja. Inachoondoa ni faiba, nayo ndiyo inayobeba mzigo. Mashua ikienda joshi, yaani kuukabili upepo, ubao unapinda: uso mmoja unavutwa, wa pili unabanwa, na sehemu kubwa ya nguvu hizo iko kwenye ngozi ya nje. Ukiiparua, umeudhoofisha ubao na kuyafungulia maji mlango mpya. Utafurahi kwa muda, kisha ubao utavimba tena. Na siku mashua itakapopinduka, ukakanyaga ubao huo ili uiinue, usishangae ukikatika pale unapotokea chini ya mashua.

Tafuta maji yalikopita. Mimi huanza na tundu la pini ambayo ubao huizungukia, halafu tundu la kamba ya kuinulia, halafu ukingo wa chini unaosuguliwa na mchanga. Toa ubao, usuuze vizuri kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu. Gonga uso wote. Panapolia kama pana uwazi, fungua faiba, ondoa mbao iliyooza, acha ukauke kivulini penye hewa. Uweke kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Najua msimu unakusubiri, lakini epoksi, gundi ya kujazia na kushikishia faiba, haishiki mbao yenye maji. Kisha panua tundu la pini, lijaze epoksi iliyokorezwa, na ikishakauka kabisa toboa upya kwa kipimo cha pini. Pini itazunguka ndani ya epoksi bila kugusa mbao. Mwisho ndipo urudishe faiba.

Kabla ya yote hayo, hebu pima unene kwanza. Kuna mbao nzima kabisa zilizobanwa na rangi tu, tabaka juu ya tabaka, kwenye ubao na ndani ya kisanduku. Rangi hiyo iparue upendavyo.

Nayasikia na haya pia. "Pini ikivuja, paka silikoni." Hapana! Silikoni huacha utando ambao rangi na epoksi haziushiki, kwa hiyo atakayetengeneza baada yako atakulaani. Badilisha washa za mpira, kaza nati. Maji yakizidi kuingia, chunguza kiungo cha kisanduku na sakafu.

"Grisi kisandukuni italainisha." Itakusanya mchanga, na mchanga ni msasa.

"Ubao ndio unaoizuia mashua isipinduke." Kwa mashua ndogo yenye ubao wa mbao, kazi yake ni kuzuia kusukumwa upande na upepo. Wima wako unatokana na umbo la mashua na mahali unapokaa. Mabamba mazito ya chuma ni habari nyingine.

"Pini ni stenlesi, haiozi." Stenlesi hujilinda kwa hewa. Ikifungiwa kwenye unyevu wa chumvi usio na hewa, huliwa vishimo vishimo huku kichwa chake kinang'aa. Ichomoe uitazame katikati.