Tarishi wa Kichina na gari la taka

Gari la taka likiingia Magomeni, hapa Mtwara mjini, halifuati nyumba ya mtu. Linafuata barabara. Honi inalia, watu wanatoka na viroba, utingo anarusha juu, gari linasogea hatua chache, honi tena. Barabara ikirukwa, uchafu wake unalala pale pale hadi zamu nyingine.

Hesabu ya kupanga safari ya namna hii ina jina lake: tatizo la tarishi wa Kichina. Mtu asiichanganye na ile ya mchuuzi, ambayo huku kusini tungeiita ya machinga. Machinga ana wateja kumi sehemu kumi, na katikati apite atakako. Kwa gari la taka, barabara yenyewe ndiyo mteja.

Mzizi wake ni swali la Leonhard Euler, mwaka 1736, kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, Urusi: je, mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Haiwezekani, na sababu yake ni nyepesi. Ukiacha pa kuanzia na pa kumalizia, kila ukiingia mahali lazima utoke, kwa hiyo njia za mahali hapo hutumika mbilimbili. Zikiwa shufwa, mambo yanakwenda. Zikiwa witiri, moja inabaki haina mwenzake, na ndivyo ilivyokuwa Königsberg.

Mwaka 1960 mwanahisabati wa China, Kwan Mei-Ko, akauliza kinachofuata, kwa mfano wa tarishi anayegawa barua, na ndipo jina lilipotoka: kama lazima turudie barabara, turudie zipi ili umbali uwe mdogo kabisa? Kwetu tarishi wa posta hazunguki nyumba kwa nyumba, barua unaifuata mwenyewe kwenye sanduku. Ndiyo maana naona gari la taka linaeleza vizuri zaidi.

Chora mraba, ugawe kwa msalaba upate viwanja vinne. Una makutano tisa na vipande 12 vya barabara. Tuseme kila kipande ni mita 100. Kona nne zina njia mbili kila moja, katikati pana nne. Shida iko kwenye makutano manne ya katikati ya pande: kila moja lina njia tatu. Unayaoanisha mawili mawili na kurudia njia fupi inayoyaunganisha. Hapa kila jozi ina mita 200, uyaoanishe vyovyote. Basi dereva anayetaka kumaliza alipoanzia atatembea mita 1,600, siyo 1,200, na hakuna ujanja wa kupunguza hata moja.

Kwa mji mzima kuoanisha kwa macho hakuwezekani, lakini Jack Edmonds na Ellis Johnson walionyesha mwaka 1973 namna ya kupata jibu kamili kwa haraka. Ugumu wenyewe unaanza hali halisi ikiingia. Labda ni baadhi tu ya barabara zinazohitaji huduma. Labda gari linajaa katikati ya zamu na lazima liende dampo kwanza. Hilo Bruce Golden na Richard Wong walilipa sura yake ya kihisabati mwaka 1981. Au kama Lindi, ambako kupanda Mtanda na mzigo si sawa na kushuka: barabara moja, gharama mbili. Hapo hata kompyuta, mji ukiwa mkubwa, mara nyingi huridhika na njia nzuri, bila hakika kwamba ndiyo bora kuliko zote.

Na mvua ikinyesha? Rudi kwenye mraba wetu. Kipande kimoja kinachotoka ukingoni hadi katikati kimejaa maji, hakipitiki. Makutano ya ukingoni sasa yana njia mbili, ya katikati yana tatu. Witiri bado ni manne, ila yamesogeleana: jozi moja mita 100, nyingine 200. Dereva anahudumia mita 1,100 na kurudia 300, jumla 1,400. Ratiba ya jana haimfai tena, na wa kile kipande kilichojaa maji watabeba viroba vyao hadi njia panda.