Kabla ya kuilaumu WTO kwa zabuni uliyokosa

Kampuni ya kigeni ikishinda zabuni, malalamishi huanza siku hiyohiyo, na mara nyingi lawama hubebeshwa Shirika la Biashara Duniani (WTO). Maelezo haya yanawalenga wafanyabiashara wa Kenya wanaotaka kujua ni mkataba upi hasa unaobana serikali inaponunua, na ni upi usiowahusu.

Tuanze na WTO. Mkataba wake wa Ununuzi wa Serikali, maarufu kama GPA, ni wa hiari. Nchi inaweza kuwa mwanachama wa WTO bila kuutia saini, na Kenya haijautia saini. Hadi sasa hakuna nchi ya Afrika iliyojiunga nao. Mkataba mkuu wa biashara ya bidhaa, GATT, nao unasema katika Ibara ya III, aya ya 8, kwamba wajibu wa kutobagua bidhaa za kigeni hauhusu ununuzi wa serikali kwa matumizi yake yenyewe. Eneo Huru la Biashara la Afrika halina itifaki ya ununuzi wa umma. Kwa hiyo hoja ya kwamba "WTO imetulazimisha" haina mguu wa kusimamia, na inachosha kuiona bado katika barua zilizoandikwa na mawakili.

Kinachobana zaidi ni chanzo cha fedha. Mradi unaolipiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia huendeshwa kwa kanuni za benki hiyo kama zilivyokubaliwa katika mkataba wa mkopo. Hapo huwezi kudai zabuni ya kimataifa itengewe Wakenya pekee. Unachoweza kupata ni nafuu ya bei: hadi asilimia 15 kwa bidhaa, asilimia 7.5 kwa kazi za ujenzi, na ni lazima nafuu hiyo iwe imetangazwa katika hati za zabuni.

Hesabu yake huwatatiza wengi, kwa hiyo tuifuate polepole. Bidhaa hugawanywa makundi matatu. Kundi A ni zilizotengenezwa nchini, ambapo vibarua, malighafi na vipuri vya hapa vinazidi asilimia 30 ya bei ya kiwandani. B ni nyingine zinazotoka nchini. C ni zilizotengenezwa nje. Tuseme zabuni nafuu zaidi ya kundi C ni shilingi milioni 100, ya kundi A ni milioni 112, na ya B iko juu ya zote mbili. C inaongezewa asilimia 15 na kuwa milioni 115. A inashinda, na mkataba unaandikwa kwa milioni 112. Kama A ingekuwa milioni 116, C ingeshinda na kulipwa milioni 100 zake. Nyongeza ni ya kulinganishia tu. Hakuna anayelipwa hiyo asilimia 15. Na muuzaji aliyesajiliwa Nairobi anayeleta mtambo uliotengenezwa ng'ambo hawi kundi A kwa sababu tu ofisi yake iko Westlands.

Fedha zikiwa za Kenya kwa asilimia 100 na thamani ikiwa chini ya kiwango kilichowekwa na kanuni, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 157, inawapa raia upendeleo wa kipekee. Raia hapa ni Mkenya mwenyewe, au kampuni inayomilikiwa na kudhibitiwa kikamilifu na Wakenya. Mwanahisa mmoja wa kigeni mwenye hisa chache tu kwenye CR12, hati ya msajili inayoorodhesha wamiliki wa kampuni, anatosha kukuondoa. Katika zabuni za kimataifa, kifungu hichohicho kinamtaka mzabuni wa kigeni awe amepata angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kutoka kwa wakandarasi raia kabla ya kuwasilisha zabuni.

Sasa Afrika Mashariki, ambako mambo si mepesi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakataza katika Ibara ya 35 ubaguzi dhidi ya wauzaji, bidhaa na huduma za nchi wanachama. Kifungu cha 6 cha sheria yetu kinasema mkataba ulioridhiwa ukigongana na sheria hiyo, mkataba ndio unaotawala, ila chini ya Katiba. Katiba nayo, Ibara ya 227, inaruhusu kuwapo kwa upendeleo. Muuzaji wa Arusha au Kampala ana hoja ya kujenga hapo. Itafika wapi ni kazi ya Bodi ya Mapitio (PPARB), inayosikiliza malalamishi ya zabuni za umma, na mahakama, na hatutaitolea uamuzi hapa.

Atakayepinga ajue saa inaanza lini. Ombi la mapitio huwasilishwa PPARB ndani ya siku 14, pamoja na amana, tangu kuarifiwa matokeo au tangu ukiukaji kutokea. Anayelalamikia sharti lililomo kwenye hati za zabuni hasubiri ashindwe kwanza: siku zake zilianza alipoliona. Barua za kumbembeleza afisa mhasibu, yaani mkuu wa taasisi inayonunua, hazisimamishi siku hizo hata kidogo. Ombi likipokewa, shughuli ya zabuni inasimama na Bodi inaamua ndani ya siku 21. Usiporidhika, una siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45. Bodi haisikilizi ombi linalohusu uchaguzi wa njia ya ununuzi, wala ombi lolote haliwezi kusikilizwa baada ya mkataba kutiwa saini kisheria. Ndiyo maana mkataba hauruhusiwi kutiwa saini kabla siku 14 hazijapita tangu taarifa ya matokeo.

Kumtumia Mkenya kwa jina tu kuificha kampuni ya kigeni ili kunufaika na upendeleo ni kutoa taarifa za uongo. Kampuni inaweza kufungiwa kushiriki zabuni kwa muda usiopungua miaka mitatu. Pale ambapo kosa halijawekewa adhabu yake maalum, mtu binafsi hutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini haizidi milioni 10.