Oskileta ya 10 MHz inayoongozwa na GPS, ukiijenga Kisumu

Saa za ukutani zinazojirekebisha zenyewe, zile zinazouzwa Ulaya, husikiliza kituo cha DCF77 cha Ujerumani kwenye 77.5 kHz. Ishara hiyo inategemewa hadi kama kilomita 2,000 tu, kwa hiyo saa kama hiyo ikiletwa Kisumu inabaki saa ya kwatzi ya kawaida. Stima ya 50 Hz nayo hupanda na kushuka kufuatana na mzigo ulioko kwenye gridi, haifai kuwa kipimo. Anayetaka masafa ya kuaminika huku magharibi mwa Kenya ana GPS: setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, kila moja na saa zake za atomu, zikirekebishwa kutoka ardhini.

Michoro ya saketi za kuifunga oskileta ya 10 MHz, yaani kifaa kinachotoa mizunguko milioni kumi kwa sekunde, ili ifuate GPS imejaa mtandaoni. Mingi imechorwa na watu wasiojua stima inayopotea mara tatu kwa wiki wala nyumba ya mabati saa nane mchana. Msimamo wangu ni kwamba hapa kwetu pesa ya kwanza iende kwenye betri na antena, na oskileta ya bei ghali ingoje.

Kwanza ujue kila upande unafanya kazi gani. Risiva ya GPS hutoa pigo moja kila sekunde, tunaliita PPS, na kwa risiva ya bei nafuu pigo hilo huyumba kama nanosekunde 20. Ukipima kwa sekunde moja, kosa hilo ni 2×10⁻⁸, yaani sehemu mbili kwa milioni mia, kubwa mno. Ukipima kwa sekunde 1,000, nanosekunde 20 zilezile zinakuwa 2×10⁻¹¹, na kwa siku nzima zinazidi kufifia. Kwatzi iliyofungwa ndani ya joko dogo la umeme, yaani OCXO, ni kinyume chake. Kwa sekunde moja hadi mia imetulia kwenye 10⁻¹¹ au chini ya hapo, lakini siku zikienda inazeeka na masafa yanahama. Ukichora makosa ya pande hizo mbili kwenye grafu moja, mahali mistari inapokatana, mara nyingi kati ya sekunde 200 na 1,000, ndipo GPS inapopaswa kushika usukani. Mkengeuko wa Allan, kipimo cha jinsi masafa yanavyoyumba kwa kila muda wa kupima, alichokitoa David Allan mwaka 1966, ndio unaokuonyesha pale mistari inapokatana kwa oskileta yako hasa. Programu za bure za kuchora mstari huo zipo, zitumie.

Sasa umeme. OCXO ikizimwa kisha ikawashwa hairudi palepale ilipokuwa. Inaanza kwenye masafa tofauti kidogo, halafu inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa, kutulia tena. Iliyotolewa kwenye mtambo wa zamani na kukaa kwenye rafu miezi mingi inaweza kudai wiki mbili. Kwa hiyo stima ikipotea dakika tano umepoteza zaidi ya dakika tano. Betri ya 12 V ya 7 Ah, ile ya mitambo ya kengele za wezi, iunganishwe moja kwa moja na chaja ya 13.6 V na mzigo uwe juu yake wakati wote. Usitumie rilei ya kubadilisha kutoka stima kwenda betri; ule mwanya wa milisekunde chache unatosha kuizima Arduino, kompyuta ndogo inayoendesha saketi.

Hapa ndipo wengi wananunua oskileta isiyofaa. OCXO ya 12 V inataka 12 V iliyotulia, lakini betri inashuka kutoka 13.6 hadi chini ya 12 stima ikikosekana, na regyuleta, kile kituliza volti, haiwezi kutoa 12 kutoka 11.8. Itabidi uinue hadi 15 V kwanza, kisha uishushe. OCXO ya 5 V inakuepusha na hayo yote. Shusha kutoka betri hadi 7 V kwa kigeuzi cha kuswichi, halafu 7 hadi 5 kwa regyuleta ya kawaida ili kelele ya kigeuzi isipite. Oskileta, risiva na Arduino kwa pamoja zikivuta kama 0.5 A kwenye 5 V, betri itatoa takriban 0.32 A. Ukitumia nusu tu ya uwezo wake ili isife mapema, unapata zaidi ya saa kumi.

Joto linafuata. Usiweke kifaa darini. Chini ya mabati kunapanda kupita kiwango ambacho joko la OCXO linaweza kujidhibiti. Ndani ya joko ni kama digrii 75 hadi 85, na likikosa pa kutolea joto linapoteza udhibiti kabisa. Weka chini, kwenye sakafu ya saruji, mbali na dirisha na feni. Upepo wa feni ni mbaya kuliko joto lenyewe, kwa sababu oskileta huvumilia digrii nane zikipanda polepole mchana kutwa, lakini upepo wa ghafla unaonekana kwenye grafu papo hapo. Sufuria nzito ya alumini yenye mfuniko, ikiwekwa bodi ndani na kuzungushiwa sponji nyembamba kwa nje, hupunguza kasi ya mabadiliko vizuri sana na kuzuia kelele za redio pia. Acha nafasi joto litoke. Nakuru, kulikoinuka mita 1,850, kazi inageuka: usiku baridi inaingia, na tofauti ya mchana na usiku ndiyo ya kupigana nayo.

Joto lina mlango wa pili ambao wengi hawauangalii: volti ya kurekebisha masafa. Tuseme OCXO yako inahama 2 Hz unapoisogeza volti hiyo kutoka 0 hadi 4. Hiyo ni 2×10⁻⁷ kwa volti nne, yaani 5×10⁻¹¹ kwa kila milivolti moja. Ukiilisha kutoka kwa 5 V ya Arduino inayohama milivolti moja kwa kila digrii, mchana wa Kisumu unaopanda digrii nane utakuibia 4×10⁻¹⁰, na utadhani kwatzi ndiyo mbovu. OCXO nyingi zina mguu unaotoa volti ya rejea, yaani volti iliyotulia ya kulinganishia, kutoka ndani ya joko lenyewe. Tumia huo. Kigeuzi cha namba kuwa volti (DAC) cha biti 16 juu ya volti hizo nne kinakupa hatua za mikrovolti 61, sawa na 3×10⁻¹², zinatosha kabisa.

Antena. Njia za setilaiti za GPS zimeinama digrii 55 kutoka ikweta, na Kisumu iko karibu juu ya ikweta yenyewe. Matokeo yake ni kwamba upande wa kaskazini kabisa na kusini kabisa hakuna setilaiti yoyote chini ya digrii 22 hivi kutoka upeo wa macho. Ukuta wa jirani upande wa kaskazini haukupunguzii kitu. Ukuta uleule upande wa mashariki au magharibi unakula setilaiti mchana na usiku. Ukichagua kona ya paa, chagua ile inayoona mashariki na magharibi. Mwongozo ulioandikwa Ulaya utakuambia uelekeze antena kusini. Huku ushauri huo hauna maana.

Antena ndogo ya sumaku inapenda bati chini yake, kwa hiyo juu ya mabati si mahali pabaya, mradi iwe kwenye kilele na pasiwe na bati lililosimama karibu linalorudisha ishara. Waya wa dishi wa RG-6 unafaa ingawa ni wa ohm 75, na unapatikana kila duka la vifaa vya TV. Ishara husafiri ndani yake kwa kama nanosekunde 4 kwa mita, hivyo mita 15 ni nanosekunde 60 za kuingiza kwenye mipangilio ya risiva. Ziba viungio kwa tepu ya mpira. Maji yakiingia, ishara haikatiki, inadhoofika polepole tu na utahangaika kutafuta kosa kwingine. Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi mno, kwa hiyo kinga ya radi ya gesi kwenye waya wa antena, ikiwa na waya mfupi mnene hadi kwenye nondo ya ardhini, si anasa. Kinga isiyo na arthi ni pambo.

Baada ya magharibi utaona jambo linalowachanganya wengi. Kuanzia kama saa moja usiku hadi karibu saa sita, hasa Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, setilaiti kadhaa hupoteza nguvu kwa pamoja na PPS inayumba zaidi. Antena yako haina kosa. Ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, kwenye ukanda wa ikweta hupasuka mapovu jua likizama, na ishara inapita humo ikitetemeka. Weka risiva ipuuze setilaiti zilizo chini ya digrii 15 na zenye ishara dhaifu, na programu yako isikubali pigo lililoruka zaidi ya nanosekunde 100 kutoka lililotangulia. Mchana nako ayonosfia inachelewesha ishara, na fomula ya masahihisho inayotumwa na setilaiti huondoa takriban nusu tu ya kosa. Zikibaki nanosekunde 30 zinazokua kwa saa sita, kwenye masafa ni 1.4×10⁻¹², hutaziona. Kwenye wakati wenyewe ni nanosekunde 30 kamili. Anayehitaji kuziondoa atafute risiva ya masafa mawili kama ZED-F9T. Wa 10 MHz asijisumbue.

Risiva iwe ya aina ya kupima wakati, kama LEA-6T au NEO-M8T. NEO-6M ya kawaida hutoa PPS, lakini haina hali ya kusimama mahali pamoja. Risiva ya T ukiiacha ipime mahali ilipo kwa saa 24, baadaye inatumia setilaiti zote kutafuta wakati peke yake, na hata ikibaki na moja bado inafanya kazi.

Kwenye saketi, gawa 10 MHz kwa chipu ya kugawa masafa ya 74HC390 upate 5 MHz kwa kihesabu cha Arduino Nano, kwani kwa saa yake ya 16 MHz haipaswi kupewa zaidi ya 6.4. Gawa tena upate 1 MHz, uipeleke pamoja na PPS kwenye 74HC4046, chipu inayopima fezi, yaani pengo la wakati kati ya mapigo hayo mawili. Pigo linalotoka humo lijaze kapasita ya 1 nF kupitia rezista ya kilo-ohm 3.9 na dayodi. Kwa mikrosekunde moja volti inafika kama 1.1, ambayo ndiyo rejea ya ndani ya Nano, na hatua zake 1,023 zinakupa karibu nanosekunde moja kila hatua. Kapasita iwe ya aina ya C0G. Za X7R hubadilika na joto na kipimo chako kinabadilika nazo.

Ikishawaka saa 24, pima masafa volti ya kurekebisha ikiwa 1.5 V, kisha ikiwa 2.5 V, kila mara ukihesabu mizunguko kwa sekunde 1,000. Kwa 5 MHz ya kihesabu mizunguko ni bilioni tano, kosa la mmoja ni 2×10⁻¹⁰. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo unayoiandika kwenye programu. Anza na muda wa kitanzi, yaani muda ambao programu inauchukua kuivuta oskileta ifuate GPS, wa sekunde 100, fezi ikitulia panda hadi 300, kisha 600. Ukiona volti ya kurekebisha inachezacheza kila sekunde, muda ni mfupi na unaichafua kwatzi kwa kelele ya GPS. Ukiona fezi inapanda mchana na kushuka usiku kwa mamia ya nanosekunde, muda ni mrefu kuliko joto linavyoruhusu.

Oskileta mbili zinazofuata GPS moja zitakubaliana hata zikikosea pamoja, kwa hiyo huo si ushahidi. Moduli ya rubidiamu iliyotumika, yaani oskileta ya atomu isiyofuata GPS, kama LPRO-101, inatoa mwamuzi wa nje. Inataka volti 24, na ibautwe kwenye bamba nene la alumini.

Ukitaka wakati kwa kompyuta, peleka PPS kwenye mguu wa GPIO 18 wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, si kwa USB, na isizidi 3.3 V. Kwenye chrony, programu ya kurekebisha saa ya kompyuta, mpangilio wa PPS uwe na neno «lock» kwenda kwa NMEA, ule ujumbe wa risiva wenye tarehe na saa, la sivyo hautajua sekunde ni ya ngapi. Na risiva ikiwaka baada ya kuzimwa muda mrefu, subiri dakika 13 kabla ya kuiamini: wakati wa GPS uko mbele ya UTC, wakati rasmi wa dunia, kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, ujumbe mzima wa setilaiti huchukua dakika 12.5 kufika, na mpaka ufike risiva za zamani hutumia namba ya kiwandani na kukosea sekunde mbili au tatu.